Makanisa ya Kaskazini ya Mbali na Yale ya Ubena

Popote ulipo, iwe stendi ya Makambako unangoja gari lijae, iwe Lupembe kwenye chai, au nyumbani Njombe umejisogeza karibu na moto, karibu tuzungumze. Leo nataka tuzungumze habari za makanisa. Mahubiri nawaachia wenye kazi yao. Nitazungumzia majengo yenyewe, kuta na paa na kengele, pamoja na mikono iliyoyasimamisha.

Mwezi Agosti mwaka 2025 watu wa mataifa mengi walikaa mbele ya televisheni na simu zao wakitazama kanisa likisafiri. Mahali penyewe ni Kiruna, mji wa kaskazini kabisa mwa Sweden, mahali ambapo katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa siku nyingi. Kuna kanisa la mbao pale, la Kilutheri, lililokamilika mwaka 1912. Aliyelichora aliiga umbo la kibanda cha Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ile na wafugaji wa kulungu. Chini ya mji wa Kiruna kuna mgodi mkubwa wa chuma, na kadiri wachimbaji wanavyoshuka, ndivyo ardhi ya juu inavyopasuka na kudidimia. Ikabidi mji uhame. Majengo mengi yalibomolewa, lakini kanisa lile walikataa kulibomoa. Wakalinyanyua zima zima, tani 672, wakalipandisha juu ya matrela, wakapanua barabara ili lipite, wakalitembeza kilomita 5 kwa siku mbili hadi makao yake mapya. Mfalme wa Sweden alikwenda kushuhudia. Gharama aliibeba mwenye mgodi.

Wengi waliona ni maajabu ya ufundi. Ni kweli, ufundi ulikuwepo. Lakini mimi mawazo yalinipeleka Kidugala, misheni yetu ya hapa Ubena. Mji wa Kiruna ulianzishwa mwaka 1900. Mwaka huo Wamisionari wa Berlin, Walutheri wa Ujerumani, walikuwa wamekwisha kukaa Kidugala. Kwa hiyo tunapolitazama kanisa la Kiruna na kusema lahaula, jamani, kitu cha kale, tukumbuke kwamba kwetu hapa kuna misheni zenye umri mkubwa kuliko mji ule mzima. Na sisi zetu tunazipita na bodaboda bila kugeuza shingo.

Sipendi kuidharau kaskazini ya mbali. Ukijaliwa safari, nenda. Huko Trondheim, nchini Norway, kuna kanisa kuu la Nidaros, lililoanza kujengwa karne ya 11 juu ya kaburi la Mfalme Olav, aliyeuawa vitani mwaka 1030, na mahujaji bado wanalifuata kwa miguu. Tromsø wana kanisa la pembetatu la zege na kioo, la mwaka 1965, ambalo wenyewe wanaliita kanisa kuu la bahari ya barafu. Reykjavík, kule Iceland, wana Hallgrímskirkja, mnara wa zaidi ya meta 70, ujenzi ulioanza mwaka 1945 ukamalizika 1986. Miaka 41! Kwa hiyo wewe mzee wa kanisa ambaye harambee ya bati inakusumbua mwaka wa sita sasa, usikate tamaa.

Mawili ya huko yananigusa zaidi ya hayo makubwa. La kwanza liko Gammelstad, karibu na mji wa Luleå, Sweden. Kuna kanisa la mawe la karne ya 15, na limezungukwa na vijumba vya mbao zaidi ya 400. Watu walikuwa wanakaa mbali mno na kanisa, theluji nyingi, kwenda na kurudi siku moja haiwezekani. Kila familia ikajenga kijumba chake cha kulala Jumamosi ili Jumapili iwakute mlangoni. Mwaka 1996 UNESCO iliviweka vijumba vile pamoja na kanisa katika orodha ya urithi wa dunia. Sasa waulize bibi zetu wa Ukinga na Ubena walivyokuwa wakienda misheni. Watakwambia habari hiyohiyo: unafunga kitenge, unabeba unga na viazi, unatoka Jumamosi mchana, unalala kwa ndugu aliye karibu na kengele. Tofauti ni kwamba wale wenzetu waliviandika vijumba vyao, wakavihesabu, wakavipaka rangi.

La pili ni Hammerfest, mji wa Norway ulio kwenye ncha ya dunia. Mwishoni mwa mwaka 1944 jeshi la Kijerumani lilipokuwa linarudi nyuma liliteketeza mji mmoja baada ya mwingine katika jimbo la Finnmark. Hammerfest iliungua yote. Jengo moja tu lilibaki limesimama, kikanisa cha makaburini kilichojengwa mwaka 1937. Kidogo, cheupe, hakina lolote la kumshangaza mgeni. Lakini kila jengo jingine unaloliona pale ni dogo kwa umri kuliko hicho, na watu wa mji ule hawawezi kusimulia habari zao bila kukitaja.

Turudi nyumbani. Baridi tunayo ya kutosha. Njombe iko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi utakuta nyasi zina umande ulioganda, na mgeni kutoka Dar es Salaam anaulizia blanketi la tatu.

Injili ya Kilutheri haikufika Ubena kwa kupitia Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kwa maji, wakipanda mto Zambezi na Shire, kisha ziwa Nyasa, wakatua kwa Wanyakyusa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Mwaka huohuo Wamoravian nao walianza Rungwe. Kutoka kule bondeni Waberlin wakapanda milima kuingia Ukinga, wakajenga Bulongwa na Tandala, kisha wakashukia Ubena: Kidugala, Yakobi, Lupembe, Ilembula. Ukiliweka hilo kichwani utaelewa kwa nini misheni za zamani zimekaa zilipokaa. Hazikufuata barabara kuu kwa sababu barabara kuu haikuwepo. Zilifuata watu, maji, na udongo mzuri wa matofali.

Naomba nikae kidogo kwenye matofali. Misheni zile zilianza na miti, udongo na nyasi, kama nyumba ya yeyote. Baadaye ndipo zikaja kuta za tofali. Udongo ulikanyagwa kwa miguu, ukatiwa kwenye fremu, ukaanikwa, ukapangwa tanuru, ukachomwa kwa kuni. Mbao za kenchi zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake yuko shimoni chini na vumbi lote la mbao linamwagikia usoni. Wanawake walisomba tofali na maji kwa kichwa. Ukifika kwenye kanisa la namna hiyo usikimbilie madhabahu. Sogea ukutani upande ambao lipu imebanduka, uangalie tofali moja moja. Hayalingani. Moja limepinda, jingine limeungua likawa jeusi kwa kuwa lilikaa karibu mno na moto, na huku na kule utaona alama za vidole vya mtu aliyelinyanyua kabla halijakauka. Jina la mmisionari utalikuta limechongwa kwenye jiwe la kaburi. Mwenye vidole vile hana jiwe. Ana tofali.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaosema majengo haya ni ya Wajerumani, tuwaachie Wajerumani. Ramani ilikuwa yao, na kengele mara nyingi ilitoka kwao. Jasho lilikuwa la Mbena na la Mkinga. Isitoshe Wajerumani wenyewe waliondoka. Baada ya Vita ya Kwanza walifukuzwa, na Waskoti wa Livingstonia wakashika misheni kwa muda hadi Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Ilipofika Vita ya Pili wakakamatwa tena, na wakaja Waswidi na Wamarekani kusaidia. Katikati ya mabadiliko yote hayo, aliyebaki na funguo za kanisa alikuwa mwinjilisti mwenyeji. Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, kanisa la kusini liliingia likiwa tayari limezoea kujiendesha, na leo Dayosisi ya Kusini ina makao yake hapa Njombe.

Sasa twende Yakobi, si mbali na mji. Hapa pana habari ambayo kila mtoto wa shule wa mkoa huu angepaswa kuijua kwa kutembezwa mahali penyewe.

Mwaka 1905 vita ya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani ilipowaka, ilianzia Matumbi, ikaenea kusini, ikafika kwa Wangoni na kupanda hadi huku. Peramiho, ambapo Mbenediktini Cassian Spiss alikuwa ameanzisha misheni mwaka 1898, ilichomwa moto. Spiss mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa askofu, alikuwa amekwisha kuuawa safarini pamoja na wenzake kule Liwale mwezi Agosti. Mwezi Septemba wapiganaji wa Mtwa Mbeyela, chifu wa Kibena, wakaishambulia misheni ya Yakobi. Ndani alikuwemo mmisionari Paul Gröschel na watu wa misheni. Nje walikuwepo majirani zao. Gröschel alinusurika, na mwaka 1911 kitabu chake juu ya miaka yake kumi hapa kilichapwa Berlin. Upande wa Mbeyela haukuchapa kitabu. Baadaye jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na hesabu ya waliokufa katika vita vile kwa nchi nzima hukadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na magonjwa.

Mimi naamini mtu anayetembelea Yakobi lazima azibebe habari zote mbili. Anayelisifu kanisa bila kuuliza kwa nini Mtwa alileta mikuki, ameondoka na nusu. Anayemsifu Mbeyela bila kuuliza kwa nini Wabena wenzake walikuwa tayari ndani ya uzio wa misheni, naye ameondoka na nusu. Katika familia nyingi za Ubena, ukipanda ngazi za ukoo, utakuta babu mmoja alikuwa nje na mwingine ndani. Wajukuu wao Jumapili wanakaa benchi moja. Sijui mahali pengine mkoani hapa ambapo mtu anaweza kuifundisha Maji Maji vizuri zaidi ya hapo, papo hapo, bila ubao wala chaki.

Ndugu zangu Wakatoliki wasidhani nimewasahau. Kwao nendeni Uwemba, barabara ya Ludewa. Ni misheni ya Wabenediktini waliotoka Peramiho, na wanaishi kwa kanuni yao ya sala na kazi, hivyo karibu na kanisa utakuta shamba, karakana na bustani, vyote vinatunzwa. Imiliwaha wako masista Wabenediktini wa Mtakatifu Gertrud, na sala zao za jioni zinaimbwa kwa utulivu ambao mtu wa mjini ameusahau. Jimbo la Njombe lilizaliwa mwaka 1968, Raymond Mwanyika akaliongoza kama askofu kwa takriban miaka 30, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko hapa mjini. Waanglikana nao wamekuja kutoka upande wa ziwa: Dayosisi ya South West Tanganyika ni ya mwaka 1952, makao yake Njombe, lakini mizizi yake iko Milo kwenye milima ya Livingstone na Liuli kule ufukweni, alikozikwa William Percival Johnson, mmisionari aliyezunguka vijiji vya ziwa kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 1928. Milo inataka gari lenye nguvu na dereva mwenye subira, hasa mvua zikiwa zimenyesha.

Na Makambako? Makambako ni mji wa njia panda, barabara ya Zambia na ya Songea zinapokutana, reli ya TAZARA ya miaka ya 1970 ikapita hapohapo. Umri wake ni wa mji unaokua mbio, na makanisa yake ndivyo yalivyo: vipaza sauti, kwaya zenye vinanda vya umeme, jengo jipya linainuka huku ibada inaendelea ndani ya kuta zisizo na madirisha na upepo wa Makambako unapita humo utakavyo. Siyabezi. Miaka mia ijayo mtu atakuja kutafuta alama za vidole kwenye kuta hizo za tofali za saruji. Ila kwa leo Makambako ni mlango. Ukitoka pale kuelekea Mbeya, ukifika Halali unakata kushoto kwenda Ilembula, ambako wengi wetu tunakujua kwa hospitali, na Kidugala iko ndani zaidi, pamoja na seminari yake. Kuja Njombe ni kama kilomita 60 za lami, unapita kwenye misitu ya kupandwa ya misonobari na miwati.

Lililonisukuma kuandaa mazungumzo haya ni hili. Usharika ukikua, watu wakiwa hawaenei, wazo la kwanza linaloletwa kikaoni mara nyingi ni kubomoa. Kanisa la zamani ni dogo, ni la giza, bati lina kutu, na mtu aliyefanikiwa Dar es Salaam ameahidi kuchangia jipya lenye vigae. Nawaelewa. Kanisa ni la kuabudia, na watu hawawezi kusimama nje kwenye baridi ya Julai ili ukuta wa babu ubaki. Lakini kiwanja cha misheni nyingi hapa ni kikubwa. Jipya linaweza kusimama kando, la zamani likawa la ibada ya vijana, la shule ya Jumapili, la mazoezi ya tarumbeta, au likawa na chumba cha picha na vitabu vya ubatizo. Kubomoa ni uamuzi wa mchana mmoja wa kikao. Ukishafanyika hakuna trela wala mfalme atakayekurudishia.

Wapo wanaodhani serikali italinda. Hebu tuliangalie hilo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji Waziri alitangaze rasmi kuwa la kulindwa. Sasa piga hesabu. Hata misheni ya Bagamoyo, waliyoianzisha Mapadre wa Roho Mtakatifu, ni ya mwaka 1868. Kwa hiyo misheni zote za mkoa wa Njombe, kwa umri wake peke yake, ziko nje ya mstari ule. Hadi litangazwe, kanisa la zamani la Ubena ulinzi wake ni baraza la wazee wa usharika, au paroko na kamati yake. Hao ndio Idara ya Mambo ya Kale ya mahali pale. Ninawaomba wajue kwamba wamepewa kazi hiyo, hata kama hakuna barua.

Kazi yenyewe si ya fedha nyingi. Kabla ya ukarabati wowote, piga picha kila ukuta, ndani na nje, na uandike tarehe. Pima urefu na upana. Kama ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengewa udongo unamomonyoka, msiupake saruji ngumu juu, kwa sababu unyevu unakwama nyuma ya saruji na tofali linaoza kwa ndani; fundi anayejua chokaa na udongo ndiye wa kutafuta. Paa likishughulikiwa mapema, jengo linaishi. Mifereji ya maji ya mvua isogezwe mbali na msingi. Na kengele ya zamani, hata ikipata ufa, isiuzwe kwa wanunua vyuma chakavu. Tunayo makanisa ya vijijini yanayogonga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na watu wanakuja vilevile, kwa hiyo hakuna dharura ya kuuza iliyopo.

Na wewe unayetaka kutembelea, nenda Jumapili. Piga simu ofisi ya usharika au ya parokia mapema, vaa nguo za heshima na koti zito, ukae ibada yote, ukijua kwamba ikiisha haijaisha. Nje kutakuwa na mnada wa sadaka: mahindi, viazi, kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi kutoka bondeni. Nunua kitu. Mzee anayenadi atakuuliza umetoka wapi, na ukimwambia umekuja kuliona kanisa, atakutafutia mzee mwingine mkubwa zaidi yake, na huyo atakuzungusha nyuma ya jengo kukuonyesha palipokuwa tanuru na palipokuwa shimo la kupasulia mbao. Washa simu urekodi sauti yake, kwa ruhusa yake. Wazee waliosimuliwa na wajenzi wenyewe wanapungua kila msimu wa baridi.

Kama una picha ya zamani ya kanisa lenu, ya harusi au ya kipaimara, ambayo ukuta au mnara unaonekana nyuma ya watu, ipeleke ofisini wainakili, kisha urudi na ya kwako nyumbani. Andika nyuma yake majina ya waliomo, mwaka, na mahali. Wasikilizaji wa Lupembe, Uwemba, Ilembula, Bulongwa, Tandala na Milo, nawasemesha ninyi hasa. Mvua hazijaanza, barabara zinapitika, na mwezi huu kuna Jumapili nne.